Matawi Yaliyofungwa Vizuri

"Yamwage yote," Inspekta alisema.

"Yote, afande? Yananuka kama soksi za mlinzi wa usiku."

"Yote. Hapo kwenye saruji, penye jua."

Koplo alishika turubai kwa pembe mbili, akageuza uso pembeni na kulikung'uta. Matawi yakaporomoka kwenye ua wa kituo pamoja na matope, majani yaliyooza na kandambili moja isiyo na mwenzake. Haya ndiyo yaliyoziba karavati nyuma ya nyumba ya Fundi Saa siku ile mvua kubwa ya kwanza ilipoushukia mji mchana kweupe, kabla hata watu hawajatoa miavuli kabatini. Maji yalikosa pa kupita, yakapanda, yakakiendea chumba chake cha nyuma cha kulala na kufanyia kazi, ambacho sakafu yake ilikuwa chini kuliko ua. Mlango wa chumba hicho ulifungukia nje, na maji yakaukandamiza. Ndani alikuwemo Fundi Saa mwenyewe, mzee aliyetumia maisha yake kutengeneza saa za watu, na mguu wake mmoja usiofanya kazi. Walipouvunja mlango, alikuwa ameshakata roho.

Binti yake, mwalimu wa chekechea, alikuja kituoni na nguo zikimchuruzika maji. Hakulia. Alimtaja mtu mmoja tu: jirani wa ukuta kwa ukuta, mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Mipaka kwa jinsi alivyogombea kila shubiri ya kiwanja chake. Matawi yalitoka kwenye mti wa Bwana Mipaka. Muuza duka wa kona alimwona Bwana Mipaka mtaroni mvua ikinyesha. Na Bwana Mipaka mwenyewe, alipoulizwa, hakukanusha wala hakukubali. Mkuu wa kituo aliona kazi imekwisha. Kesho asubuhi mzee angepandishwa kizimbani kwa kusababisha kifo cha jirani yake. Inspekta alikuwa ameomba apewe mpaka jioni, na mkuu alimpa kwa shingo upande.

Inspekta alichuchumaa. Kwa ncha ya kalamu akayatenganisha matawi.

"Koplo, njoo uone. Unaona nini?"

"Miiba. Miiba mingi."

"Na nini tena?"

Koplo akachuchumaa naye, amekunja pua. "Yamefungwa. Hili fungu, na lile. Na haya yaliyotawanyika yana kamba... si kamba, ni vitambaa."

"Yapime na mkono wako."

Koplo alinyoosha mkono juu ya fungu moja. Matawi yalianzia kwenye vidole vyake na kuishia begani. Fungu la pili likawa hivyo hivyo. Kila tawi lilikuwa limekatwa kwa urefu ule ule, manene yamewekwa katikati, membamba pembeni, na ncha za miiba zimegeuzwa ndani ili zisimchome anayebeba.

"Wewe ukitaka kumzibia mtu mtaro," Inspekta aliuliza, "utafanya hivi?"

"Mimi nitasukumia matawi kama yalivyo na kukimbia."

"Basi aliyeyafunga haya hakuwa na nia ya kuziba kitu. Alikuwa anayaandaa yabebwe." Akaligeuza tawi moja. "Na tazama yalivyokatwa. Msumeno umeanzia chini kwenda juu. Aliyekata alikuwa amesimama chini ya tawi, anaunyanyulia mkono. Mti uko ndani kwa Bwana Mipaka; yeye angepanda shina na kukata kutoka juu. Nani angesimama chini ya matawi yake, kama si mtu wa upande wa pili?"

Koplo alilitazama tawi lile. "Afande, upande wa pili ni kwa marehemu."

"Najua," Inspekta alisema, na akabaki amechuchumaa hivyo hivyo.

*

Bwana Mipaka alikuwa ameketi kwenye ukingo wa benchi la mahabusu kana kwamba sehemu iliyobaki ni ya mtu mwingine. Mkanda na kamba za viatu vilikuwa kaunta, kwa hiyo alishika suruali kwa mkono mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chai yenu haina sukari. Iandike na hiyo."

"Nitaiandika. Mzee wangu, nisaidie nikusaidie. Muuza duka anasema alikuona mtaroni."

"Ana macho mazuri. Angeyatumia na kwenye mizani yake."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Mtaro uko mpakani. Mimi na mpaka hatuachani."

"Ulikuwa na reki."

"Nilikuwa nayo."

"Ulikuwa unaingiza matawi au unatoa?"

Mzee akatazama ukuta.

"Nikuambie kwa nini nauliza," Inspekta aliendelea. "Fungu moja hatukulikuta ndani ya maji. Lilikuwa juu ukingoni, limeburutwa, na meno ya reki yameacha alama. Anayeziba hatoi. Hebu nionyeshe mikono yako."

Bwana Mipaka alisita, kisha akaachia suruali na kufumbua viganja. Vilikuwa vimechanika katikati, vidonda vibichi, kimoja bado na mwiba ndani.

"Ulivuta kwa mikono reki iliposhindwa."

"Wewe andika nilikuwa pale. Mtu amekufa, sivyo? Na mimi nilikuwa pale. Basi. Imetosha."

"Haijatosha. Nani aliyekata matawi ya mti wako?"

Hapo mzee akageuka. "Si mimi. Mti ule aliupanda mke wangu, na tangu azikwe sijaugusa hata kwa kisu cha kukatia kucha. Yule mtu alinisumbua kila asubuhi. 'Jirani, kata. Jirani, miiba inaniangukia.' Nikamwambia sheria ya halmashauri inakuruhusu ukate kinachovuka mpaka, na ukishakata utupe mwenyewe. Kata cha kwako, changu niachie."

"Akakata?"

"Na mguu ule? Angepandia wapi?" Alishika tena suruali yake. "Sisemi zaidi. Nirudishieni kamba zangu au msinirudishie, mimi ni yule yule."

Nje ya mlango Koplo alinong'ona, "Afande, mtu anayejua hana kosa si angepiga kelele? Huyu kwa kelele ndiko kwao."

"Ndiyo hapo ninapokwama," Inspekta alijibu. "Amenyamaza kama mtu mwenye kosa."

*

Mtaa ulikuwa umekauka juu lakini chini bado ulibonyea. Ofisa wa usafi wa halmashauri, ambaye kila mtu alimwita Bwana Afya, alikuwa anawasubiri mbele ya geti la Fundi Saa, ameegemea pikipiki yake, kofia ngumu kwapani. Kwenye geti palibaki kipande cha karatasi ya rangi ya chungwa, kimeng'olewa nusu.

"Hii ni nini?" Inspekta aliuliza.

"Ilani. Niliibandika mimi. Takataka za bustani hazitolewi barabarani kabla ya zamu ya mtaa. Lori linapita mara moja kila msimu, mwisho wa kiangazi, na kila mtaa una siku yake. Ukitoa mapema unapata ilani. Ukirudia unaitwa mbele ya baraza la mji, na lori halichukui chako msimu mzima."

"Na siku ikifika?"

"Unatoa yamefungwa, yasizidi urefu wa mkono, vijana wayabebe bila kuumia. Yasiyofungwa tunayaacha. Sheria nzuri tu, afande. Zamani barabara hii ilikuwa kama kichaka."

"Lori lilipita hapa kabla ya mvua?"

Bwana Afya akavaa kofia, akaivua tena. "Zamu yao ilikuwa haijafika. Mvua imetuwahi."

Inspekta alisukuma geti. Ua wa Fundi Saa ulikuwa kibaraza cha saruji, kamba ya nguo na mlango wa chumba cha nyuma uliovunjwa. Ukinyoosha mikono unagusa ukuta huu na ule.

"Sasa mtu wa nyumba hii akishakata matawi, anayaweka wapi mpaka zamu ifike?"

"Ndani ya kiwanja chake."

"Nionyeshe ndani ya kiwanja chake ni wapi."

Bwana Afya aliangalia saruji, akaangalia kamba ya nguo. "Hilo si la idara yangu," alisema taratibu.

Muuza duka alikuwa amevuka barabara kuja kusikiliza, mikono imejaa unga. Inspekta alimgeukia. "Wewe ndugu, matawi yako unayaweka wapi?"

"Mimi? Mimi sina..." Alimtupia Bwana Afya jicho. "Afande, mbele ya huyu?"

"Mbele ya huyu."

"Mtaroni. Chini ya ubao. Kila mtu hapa anaweka mtaroni." Maneno yalianza kumtoka kwa mkupuo. "Mtaro kiangazi chote ni mkavu, unaweza kulala humo. Na huyu bwana akipita na pikipiki yake anatazama barabara na mageti, mtaroni hatazami. Lori likipiga honi mtaa wa juu, tunakimbia tunayatoa, tunayapanga vizuri, tunasimama pembeni kama watu wema. Miaka yote ndivyo hivyo."

"Miaka yote!" Bwana Afya alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechekwa kwenye sherehe yake mwenyewe.

"Na mvua iliponyesha?"

"Sisi tulikimbia tukayatoa yetu. Mimi nilitoa yangu ndipo nikamwona Mipaka kule nyuma." Muuza duka alijipangusa unga kwenye suruali. "Sikuwaza... Nilisema nilichokiona tu, afande. Sikusema alikuwa anaziba. Mliniuliza nani alikuwa mtaroni, nikasema."

Inspekta alifuata mtaro kwa miguu, akapita nyuma ya nyumba ya Fundi Saa, akapanda kichochoro mpaka lilipotokeza bomba la saruji linalopitisha maji ya mtaa wa juu chini ya njia. Mdomo wa bomba ulikuwa mkubwa, umefunikwa na nyasi, mahali pazuri kwa mtu wa kichochoro hiki kuficha kitu. Alilala kifudifudi, shati lake la kazi lilishazoea, akaingiza mkono. Ulirudi na miiba na ukanda wa kitambaa cha kijani chenye maua meupe, umenasa kwenye nondo iliyotokeza.

"Hapa ndipo yalipowekwa," alimwambia Koplo. "Maji yakayasukuma ndani ya bomba, yakatokea chini, yakakwama kwenye karavati. Hakuna aliyeyapeleka pale."

"Kwa hiyo mzee wa watu anatoka."

"Anatoka."

"Mbona basi huna furaha?"

Inspekta aliukunja ukanda ule na kuutia kwenye bahasha. Alikuwa ameliona pazia lenye maua hayo alipokuwa uani kwa Fundi Saa. Nusu yake ilikuwa imetundikwa dirishani jikoni.

*

Mwalimu, binti wa marehemu, aliwakaribisha sebuleni. Magodoro yalikuwa bado yameegemezwa ukutani tangu waombolezaji walipoondoka, na mezani palikuwa na saa za mkononi zilizotandazwa kwenye taulo zikaushwe, nyingine vioo vimejaa ukungu.

"Za wateja," alisema. "Wanakuja kuzidai, naona aibu kuwarudishia hivi. Karibuni, kaeni. Kesho niwe mahakamani saa ngapi?"

"Tutalifikia hilo, mwalimu. Nina maswali madogo. Siku ile ulikuwa shuleni?"

"Nilikuwa na watoto. Wazazi walishindwa kuvuka, nisingeweza kuwaacha. Niliwaimbisha mpaka wa mwisho akachukuliwa." Alisawazisha taulo. "Kliniki yake ilifungwa siku ile, nikajua baba yuko huku sebuleni, pakavu, anasikiliza redio."

"Matawi ya mti wa jirani yalikuwa yanawasumbua?"

"Yule mtu! Miiba inaanguka hapa uani, baba anatembea kwa kuburuta mguu. Kila siku anambembeleza, kila siku anajibiwa sheria. Mwishowe nikachukua msumeno nikayakata mwenyewe."

"Ukayatoa nje."

"Nikakosea, nikayatoa mapema. Bwana Afya akabandika ilani." Kwa mara ya kwanza alitabasamu kidogo. "Baba alikasirika, hamjaona mtu akikasirika hivyo. Mtu aliyefika kila mahali kwa wakati, leo abandikiwe karatasi getini kama mhuni! Alikaa ndani, hakutaka hata kwenda dukani, watu wasimuulize. Nikamwahidi hatutapata ya pili."

Koplo alikuwa anaangalia mikono ya mwalimu. Kuanzia kwenye kiwiko kushuka, palikuwa na mistari mingi myembamba iliyoanza kupona, ya mtu aliyebeba miiba kwa kukumbatia. Akainamisha macho.

"Ukafanyaje?" Inspekta aliuliza.

"Nikafuata utaratibu. Nikayapima kwa mkono, nikayafunga fungu kwa fungu. Kamba sikuwa nayo, nikachana pazia la jikoni, lilikuwa kuukuu. Nikageuza miiba ndani, maana wale vijana wa lori ni watoto wa watu."

"Ukayaweka wapi?"

"Pale bombani, juu ya kichochoro. Pakavu, hapaonekani. Yakakaa hapo, na siku moja naenda kuangalia sikuyakuta. Nikajua lori limepita nikiwa kazini, vijana wameyachukua. Nikarudi nikamwambia baba, umeona? Yamekwenda, na ilani hatuna. Akafurahi, akaenda kuing'oa ile karatasi getini..."

Akageukia dirisha la jikoni, kwenye nusu ya pazia.

Inspekta alikuwa na bahasha mfukoni na hakuitoa.

"Siku ile," mwalimu alisema polepole, "asubuhi niliyokwenda kuangalia, barabara ya mtaa wa juu ilikuwa imelowa. Kulikuwa na mvua huko usiku. Kidogo. Huku kwetu haikufika." Alimtazama Inspekta. "Lori lilipita?"

"Halikupita, mwalimu."

"Halikupita kabisa?"

"Zamu yenu ilikuwa haijafika."

Aliinua mkono mmoja, akaitazama mistari yake, akaushusha juu ya taulo, katikati ya saa. Nje mtu alikuwa anaita wateja wa mkaa. Koplo alisimama kwenda kuchota maji, akakosa glasi, akarudi mikono mitupu.

"Niliyafunga vizuri," mwalimu alisema. "Kama ningeyafunga ovyo yangeachana njiani. Yangepita."

"Hilo hatulijui."

"Wewe unalijua. Usinifanye mtoto, afande."

Inspekta alishusha pumzi. "Sheria haina jina la kuliita jambo hili kosa, dada yangu. Nitaandika ni ajali, nitaandika na utaratibu wa zamu ulivyo, na baraza litaulizwa. Wewe huna haja ya kwenda popote. Kalamu ninayo, sema tu unafuta malalamiko, mimi nitayapeleka."

Mwalimu alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu vyake chini ya godoro.

"Mimi ndiye niliyemtia ndani," alisema. "Nitamtoa mimi."

*

Jioni ilikuwa haijaingia walipomleta Bwana Mipaka kaunta. Koplo alimwekea mkanda, kamba za viatu na funguo. Mzee alipomwona mwalimu amesimama kando ya mlango, alirudi nyuma hatua moja.

"Shikamoo, baba," mwalimu alisema.

Mzee hakuitikia. Midomo yake ilijaribu.

"Matawi niliyakata mimi. Niliyafunga mimi, nikayaweka bombani. Nimekuja kusema mbele yako na mbele yao. Nilikutaja bure, na kwa sababu yangu hukumzika."

"Mmeshamzika?"

"Tumemzika."

Bwana Mipaka aliketi kwenye benchi la wageni, mkanda mapajani.

"Nilidhani hayumo," alisema. Alimwambia mwalimu, si Inspekta. "Siku ile ni siku yake ya kliniki. Kila wiki siku hiyo hayupo. Nikaona maji yanapanda, nikasema saa za watu zitaharibika, nikakimbilia mtaroni na reki. Navuta, navuta. Ukuta mmoja, mwanangu. Yeye yuko upande ule, mimi upande huu. Ningegonga mlango badala ya kuhangaika na matawi..." Alifumbua viganja vyake na kuviangalia. "Kliniki ilifungwa kwa mvua. Sikujua. Walivyokuja kunikamata nilisema sawa, wacha wanikamate."

"Mzee," Inspekta alisema, "ulijaribu kuokoa."

"Nilijaribu kuokoa saa."

Koplo aligeukia kabati na kuanza kupanga mafaili yaliyokuwa yamepangika. Kitabu cha kutolea mahabusu kilikaa wazi, na Inspekta hakumhimiza mtu kutia sahihi. Hapakuwa tena na mtu wa kufunguliwa jalada, ila hawa wawili, kila mmoja akitaka aandikwe kuwa ndiye mwenye kosa.

Mwalimu ndiye aliyevuka chumba. Alisimama mbele ya benchi.

"Twende, baba."

"Wapi?"

"Nyumbani. Chumba chake bado kimejaa matope mpaka kitandani. Nimetoa kwa ndoo tangu jana, hayaishi. Peke yangu siwezi."

Mzee akainuka, akaupitisha mkanda kwenye suruali, akakosa tundu, akajaribu tena.

"Nina koleo," alisema. "Lakini liko kwangu, itabidi upite mlangoni."

"Nitapita."

Akasaini pale Koplo alipomwonyesha, akasukuma kalamu upande wa Inspekta, na yeye na mwalimu wakatoka pamoja, mzee mbele kidogo, akimwonyesha wapi pa kukanyaga kwenye matope.